Mwalimu Kavaa Kofia ya Duka la Kuku

Nianze na karatasi, maana ugomvi wangu wote ulianza na karatasi.

Ilikuwa ya rangi ya machungwa, imekunjwa mara nne, imetoka kwenye mkoba wa mpwa wangu pamoja na ganda la ndizi na soksi moja. Wakati huo nilikuwa nakaa kwa dada yangu katika jimbo la Minnesota, kule Marekani, miaka michache kabla ya korona. Yeye alikuwa akifanya kazi ya kuhudumia wazee, mimi nasoma chuo cha jirani na jioni namshikia watoto. Mpwa wangu alikuwa na miaka saba, darasa la kwanza. Karatasi ile ilisema hivi kwa ufupi: Jumanne, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku, familia zote za shule zinakaribishwa kula katika duka fulani la kuku wa kukaanga (jina nalihifadhi, sitaki kuwapa tangazo la bure, wameshapata ya kutosha). Ukiionyesha karatasi hii kaunta, asilimia 20 ya ulichonunua itakwenda shuleni. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa zilizochorwa macho na miguu kama vikaragosi: WATAKAOKUHUDUMIA NI WALIMU WAKO!

Dada aliisoma, akaibandika kwenye friji. Alikuwa ndiyo kwanza katoka zamu, miguu imevimba.

"Kuku tunao humu ndani," alisema.

"Mwalimu kasema," akajibu mtoto.

Ndugu msomaji, kama umelelewa katika nyumba ya Waswahili unayajua maneno hayo mawili. Mwalimu kasema. Kwetu Tanga, nilipokuwa na umri wa mtoto yule, yalikuwa yanamaliza kesi. Baba anaweza kusema, mama anaweza kusema, hata bibi anaweza kusema na akabishiwa. Lakini mwalimu akisema soksi ziwe nyeupe, nyumba nzima itahangaika kutafuta soksi nyeupe, ziwe za kununua au za kuazima. Nilidhani jambo hilo ni letu peke yetu. Kumbe mtoto wa miaka saba ni yule yule popote umwekapo. Dada akanitazama, nami nikamtazama. Jumanne tukaenda.

Hoja yangu naitoa mapema, nisije nikaambiwa nazunguka mbuyu. Nasema kwamba kampuni za vyakula vya haraka zinapochangia shule kwa mtindo huu, zinanunua ile imani ya mtoto kwa mwalimu wake, kitu ambacho hakipaswi kuwa na bei. Na zinakinunua kwa bei ya kutupa. Wanaowauzia ni watu wazuri wenye nia njema, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa nikupeleke dukani.

Foleni ilifika mlangoni. Nyuma ya kaunta alisimama mwalimu wa mpwa wangu, mama wa makamo, mpole, aliyemfundisha mtoto wetu kusoma Kiingereza ndani ya miezi mitano tu tangu aingie nchini. Kavaa kofia ya duka na aproni yenye picha ya kuku anayecheka. (Sijapata kuelewa kwa nini kuku wa kwenye matangazo huwa anacheka.) Mkuu wa shule alikuwa kwenye dirisha la wenye magari, anapokea pesa. Mwalimu wa michezo anapita na trei mabegani kama mhudumu wa baa. Mpwa wangu alipomwona mwalimu wake alipiga ukelele kana kwamba kaona malaika, na mwalimu naye akamwita kwa jina, akamuuliza atakula nini. Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo bila shaka alifundishwa nusu saa kabla, kama angependa chipsi kubwa na soda kubwa badala ya ndogo.

Mtoto akasema ndiyo. Hebu niambie, angesemaje hapana? Anayeuliza ndiye yule yule anayeuliza darasani saba ongeza tano ni ngapi. Kwa mtoto yule, swali la mwalimu lina jibu moja sahihi, na jibu sahihi husifiwa.

Mimi mwenyewe nimekaanga chipsi miezi minane katika duka la namna hiyo, mji mwingine, kwa hiyo jicho langu lilikwenda jikoni. Niliona mama mmoja wa Honduras, tuliyekuwa tukionana naye kituo cha basi, kasimama peke yake mbele ya mafuta, jasho linamtiririka. Nilimuuliza baadaye. Wenzake wawili wa kaunta waliambiwa wasije jioni ile, maana kaunta ingekuwa na walimu. Walimu hawakulipwa hata senti, wamejitolea. Na wale wawili nao hawakulipwa, hawakuwapo. Kwa hiyo duka lilijaza watu siku ya Jumanne, siku ambayo kila aliyefanya kazi hiyo anajua ni siku mfu, likahudumia kwa mikono ya bure, na tangazo lake likasambazwa nyumba kwa nyumba ndani ya mikoba ya shule bila stempu. Dili gani hilo, jamani! Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini hapa mwenye mkono mtupu ndiye aliyelambwa akaambiwa asante.

Njoo kwenye hesabu. Sisi tulikuwa wanne: dada, mimi, mpwa wangu na mdogo wake wa miaka mitatu. Tulilipa dola 38 na senti 40. Asilimia 20 ya fedha hiyo ni dola 7 na senti 68. Hicho ndicho tulichoichangia shule. Tungetia dola 10 kwenye bahasha asubuhi, shule ingepata zaidi, sisi tungebaki na dola 28 na senti 40, na jioni tungekula kuku wetu wa nazi aliyekuwa kwenye friji nyuma ya ile karatasi ya machungwa. Kwa maneno mengine, dada yangu alitoa karibu dola 40 ili shule ipate pungufu ya 8. Mchango wa aina hii kwetu tungemwita mwekahazina kwenye kikao cha wazazi aueleze vizuri.

Wiki mbili baadaye jarida la shule lilitangaza kwa furaha kuwa usiku ule ulileta dola 418. Piga hesabu kinyumenyume: duka liliuza kuku na soda za dola 2,090. Shule ilikuwa na watoto kama 500. Kila mtoto kapata senti 84, penseli mbili tatu hivi. Na katika jarida hilo hilo duka liliitwa "mshirika wetu katika elimu." Mshirika! Nimesoma miaka kumi na sita na sijaona kuku aliyenifundisha kitu.

Utaniambia ninapiga kelele kwa sababu ya duka moja la mtaani. Laiti lingekuwa moja. McDonald's walikuwa na usiku wa aina hii wenye jina lake kabisa, McTeacher's Night, walimu nyuma ya kaunta wanauza hambaga kwa wanafunzi wao wenyewe, na ulifanyika katika majimbo mengi. Ilifika mahali walimu wakachoka. Oktoba 2015, chama kikubwa cha walimu wa nchi ile, National Education Association, pamoja na vyama vingine zaidi ya 50 vya majimbo na miji, vilitia saini barua ya wazi kwa Steve Easterbrook, aliyekuwa mkuu wa kampuni wakati huo, kumtaka aukomeshe mtindo huo. Hoja yao haikuwa ngumu: si haki kumtumia mwalimu kumuuzia mtoto chakula ambacho mwalimu huyo huyo anatakiwa kumfundisha akile kwa uangalifu. Naomba ulishike jambo hili, maana watu hupenda kusema kelele za namna hii ni za wasomi wasiojua shida ya shule. Barua ile ilitoka kwa walimu. Wanaoijua shida ya shule kuliko wao ni akina nani?

Au chukua Florida. Mwaka wa masomo wa 2007 hadi 2008, katika kaunti ya Seminole, bahasha za ripoti za watoto wa shule za msingi zilikuja na tangazo la McDonald's: mtoto aliyefanya vizuri, au mwenye tabia nzuri, au asiyekosa shule, aipeleke ripoti yake dukani apewe Happy Meal ya bure. Yaani ile karatasi ambayo mzazi anaifungua mkono unatetemeka, juu yake pana chipsi. Kampuni ililipia gharama ya kuchapa bahasha, kama dola 1,600. Watoto waliozibeba walikuwa kama 27,000. Gawanya mwenyewe: senti 6 kwa mtoto. Kuna ukuta gani wa tangazo mjini unaokodishwa kwa senti 6, unaoingia mpaka sebuleni, na unaosomwa na baba, mama na mtoto wakiwa wamekaa pamoja wamenyamaza kwa heshima? Mzazi mmoja alipopiga kelele, wengine wakamfuata, na Januari 2008 kampuni ikajitoa. Mzazi mmoja tu. Wengine wote tulikuwa tunasoma alama.

Pizza Hut nao tangu katikati ya miaka ya 1980 wana mpango wa kuwahimiza watoto kusoma: mwalimu anaandika kuwa mtoto kafikisha lengo la vitabu, mtoto anapewa piza ndogo bure. Mimi ni mwandishi, au najidai kuwa mwandishi; kitu chochote kinachomfanya mtoto afungue kitabu kinanilegeza moyo, nakiri. Lakini mtoto wa miaka sita haendeshi gari. Akishinda piza yake anakwenda na baba, mama na wadogo zake watatu, na hao hawakusoma kitabu chochote, hao wanalipa.

Tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilitoa hesabu mwaka 2008: kampuni 44 za vyakula na vinywaji zilitumia kama dola bilioni 1.6 mwaka 2006 kujitangaza kwa watoto na vijana, na kati ya hizo dola milioni 186 zilikwenda kwenye matangazo ya ndani ya shule. Watu hawatumii milioni 186 kwa huruma. Na nisisitize, hawatumii kwa sababu ya kuku wa Jumanne ile. Mtoto aliyezoea ladha, rangi na wimbo akiwa na miaka saba ni mteja wa miaka sitini ijayo, na atawaleta watoto wake.

Sasa wanaotetea.

Wapo wanaosema mzazi ana hiari, hakushikiwa bunduki. Hao hawajakaa na mtoto ambaye darasa lake linashindana na darasa la jirani nani ataleta watu wengi dukani. Sikukutajia hilo: darasa litakaloleta familia nyingi zaidi lilikuwa linapewa sherehe ya aiskrimu. Mpwa wangu alijua majina ya wale ambao hawakwenda. Wiki nzima alikuwa akiyataja mezani, na mmoja wao alikuwa mtoto wa Kisomali ambaye baba yake, nadhani, aliuliza tu kama kuku yule ni wa halali. Hiari iko upande gani hapo?

Wengine husema ni usiku mmoja tu kwa mwaka, mbona mnakuza mambo. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, kupitia jopo lake la mwaka 2004, kilieleza kwamba mtoto wa chini ya miaka minane bado hana uwezo wa kutambua kuwa tangazo linataka kumshawishi. Analipokea kama habari ya kweli. Hapo tunazungumzia tangazo la televisheni, la katuni. Sasa mweke mwalimu mahali pa katuni. Juma lile lile nilimkuta mpwa wangu anacheza shule na mdogo wake pale sebuleni. Yeye ndiye mwalimu. Kapanga wanasesere watatu na gari moja la zimamoto kwenye mstari, kavaa ile kofia ya karatasi aliyopewa dukani, anawafundisha herufi, na kila mwanafunzi akijibu vizuri anaulizwa kama anataka soda kubwa. Nilicheka. Dada hakucheka.

Kuna sheria pia, usidhani nchi ile haina sheria. Mwaka 2016 serikali kuu ilitoa kanuni kwamba katika eneo la shule, wakati wa siku ya shule, kisitangazwe chakula au kinywaji kisichofikia viwango vya lishe vya shuleni. Nzuri. Lakini siku ya shule imetafsiriwa kuwa ni kuanzia usiku wa manane mpaka nusu saa baada ya masomo kwisha. Mtoto akishafika mlango wa duka saa kumi na moja jioni, mkono wa kanuni haumfikii tena. Mwalimu wake anaruhusiwa kumuuzia kitu ambacho asubuhi ni marufuku kukibandika ukutani. Wajanja hawakuhitaji kuvunja sheria. Walisogea hatua chache tu mbele.

Kuhusu chumvi, mafuta na sukari sitaandika, madaktari wameandika. Na kuku wenyewe nawapenda. Nikisema siwapendi dada atanianika.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo iliyonifanya nikae na makala hii mwaka mzima bila kuimaliza: shule haina fedha. Nilikutana na yule mwalimu siku ya kumchukua mtoto, nikajikaza nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha adabu, kwamba sikupenda kumwona vile. Alinyamaza kidogo. Akasema naye hakuipenda ile kofia. Kisha akaniuliza kama najua rimu ngapi za karatasi alizonunua kwa mshahara wake mwaka ule. Sikujua. Hakunitajia, alinionyesha tu kabati. Nusu ya vitabu vya hadithi vilivyokuwamo vilikuwa na jina lake la ukoo kwa kalamu ya wino, kama vitabu vya mtu binafsi, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa.

Hapo ndipo hasira yangu ilipobadili njia. Shule za Marekani kwa sehemu kubwa huendeshwa kwa kodi za jimbo na kodi za majengo ya mahali zilipo. Penye nyumba za thamani shule inapumua. Penye vibanda shule inahema. Kule Minnesota wilaya ya shule ikitaka kodi ya ziada hupiga kura wakazi, na wakazi wakikataa, basi, mwalimu wa muziki anafungasha. California mwaka 1978 wananchi walipiga kura ya kubana kodi ya majengo isizidi asilimia 1 ya thamani, na mapato ya kodi hiyo yakaporomoka kwa zaidi ya nusu kwa mkupuo mmoja. Tangu hapo mzazi wa Kimarekani kawa mchuuzi: anauza keki, anauza karatasi za kufungia zawadi, anaosha magari, anauza biskuti kwa majirani. Mtaa wa wenye nazo wanaandika hundi, shughuli imekwisha. Mtaa wetu sisi ndio unaopanga foleni kwa asilimia 20.

Kwa hiyo kampuni inafika imekuta mlango uko wazi. Aliyeuacha wazi ni mpiga kura aliyekataa kuongeza dola chache kwenye kodi ya nyumba yake, kisha Jumanne akaja kula kuku kwa dola 38, akaondoka anajisikia kasaidia elimu. Nimemwona mtu huyo kwa macho yangu. Alikuwa mbele yetu kwenye foleni, anaeleza kwa sauti jinsi kodi ilivyo wizi.

Najua baadhi ya wasomaji wa gazeti hili mpaka hapa wanapiga miayo: ya Marekani tuachie Wamarekani. Sawa. Basi turudi Tanga, na hapa nitajichoma mwenyewe.

Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa anatuuzia maandazi. Alikuja nayo kwenye ndoo nyeupe yenye kifuniko, anaiweka chini ya meza, na kipindi cha pili harufu imeshatujaa puani hatusikii tena habari ya mito na milima. Kengele ikilia, tunapanga mstari. Wakati ule mama mmoja alikuwa akiuza maandazi makubwa zaidi nje ya geti, bei ile ile, na wote tulijua ni makubwa zaidi. Tulinunua ya mwalimu. Kwa nini? Kwa sababu mwalimu alikuwa anaona nani kanunua na nani hakununua, au tuliamini kwamba anaona. Sikumbuki kama aliwahi kumwonea mtoto yeyote kwa sababu ya andazi. Hakuwa na haja.

Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja mpango wa makala hii, ndilo alilonirushia usoni: wewe unamlaumu Mzungu na kuku wake, kwenu mwalimu kauza mwenyewe, tena bila asilimia! Nimeshikwa, nakubali. Kilichouzwa kwenye ndoo ile ni kile kile kilichouzwa pale kaunta. Ila naomba nitofautishe kidogo, halafu utaamua wewe. Yule mwalimu wa Tanga alitumia heshima yake mwenyewe kulisha watoto wake mwenyewe, kwa kuwa mshahara ulichelewa, na ulipofika haukutosha. Mwenzake wa Minnesota alitumia heshima yake kulisha watu asiowajua, wenye hisa, na yeye akarudi nyumbani ananuka mafuta, bila kitu. Wa kwanza kaiba kidogo kwa njaa. Wa pili kaibiwa, tena kwa kupigiwa makofi.

Na usidhani kampuni hazijafika kwetu. Kibao cha shule yangu ya msingi, pale barabarani, kilikuwa nusu jina la shule na nusu nembo ya soda. Rangi yake iling'aa. Hakuna jengo la shule lililokuwa na rangi mpya kama kibao kile. Siku niliyoanza kuunganisha herufi bila msaada, nikiwa nimesimama na kaka yangu tunasubiri gari zipite tuvuke, neno la kwanza nililolisoma mwenyewe barabarani lilikuwa jina la ile soda. La shule lilikuwa refu, lilinishinda. Kaka alinipigia makofi. Pita leo barabara yoyote kubwa ya Afrika Mashariki uhesabu vibao vya shule vya namna hiyo, utachoka kabla gari halijafika. Serikali yetu ilifuta ada mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, hatua kubwa, naipongeza. Lakini chaki, madawati na mlinzi bado vinataka kulipiwa, na kamati ya shule iliyobanwa haitamuuliza maswali mengi mgeni atakayekuja na kopo la rangi. Maduka ya kuku wa kukaanga ya kimataifa nayo yameshaingia miji yetu mikubwa. Karatasi ya machungwa inaweza kuwa imeshachapwa.

Mimi sisemi shule ikatae msaada. Kampuni ikitaka kujenga choo, ijenge, ipewe risiti, iandikwe kwenye daftari la wafadhili kama anavyoandikwa mzee yeyote wa mtaa aliyeleta mifuko miwili ya saruji. Ikitaka kulipa kodi yake yote bila kukwepa, hapo nitasimama nipige vigelegele. Ninachokataa ni sharti la mwalimu kuvaa kofia. Na vyama vya walimu vya kwetu vingeandika barua yao sasa, mapema, kabla ya kuombwa. Wenzao wa Marekani walisubiri mpaka kofia ziko vichwani.

Machi karatasi ya pili ilikuja. Safari hii ya kijani, duka lile lile, Jumanne tena. Dada aliisoma akiwa amesimama, akachukua bahasha, akatia noti ya dola 10, akaandika juu yake jina la mtoto na darasa. Mpwa wangu alikataa kuibeba. Alilia, akasema darasa lake litashindwa kwa sababu yake, na kwamba mwalimu atamtafuta kwenye foleni asimwone. Hatukumshinda kwa hoja; nilichofanya ni kuichukua bahasha na kumpeleka shule mwenyewe.

Karani wa ofisi alikuwa kijana mchangamfu. Aliifungua, akaona noti, akaniuliza ni ya shughuli gani. Nikamwambia si ya shughuli yoyote, ni ya shule. Akafungua kompyuta, akashuka na orodha: usiku wa kuku, usiku wa piza, mauzo ya keki, safari ya bustani ya wanyama. Akaniuliza tena, kwa upole kabisa, aandike nini kwenye risiti.